Kadi Iliyotoka Kutembea

Mwezi uliopita tulimzika Elkana, na tangu siku hiyo sijaweza kuketi mahali pamoja kwa saa nzima. Huinuka nikaenda kufunga dirisha ambalo tayari limefungwa, nikarudi mezani, nikakifungua tena kile kijitabu cha ibada ya mazishi. Kina kurasa nane na picha ya marehemu akiwa na tai ambayo sikuwahi kumwona nayo. Katika ukurasa wa tatu mwanawe Timotheo ameandika maisha ya baba yake, na katika maisha hayo kuna makosa matatu. Nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea. Nilikuwa karani wa nyumba, kisha karani mkuu, kisha msimamizi wa mtaa, na siku nilipostaafu mwajiri wangu aliniaga kwa barua isemayo kwamba kumbukumbu zangu hazikuwa na doa. Barua hiyo nayo itabidi isahihishwe.

Kosa la kwanza: kijitabu kinasema Elkana aliokoka uwanjani, katika mkutano mkubwa wa injili, akiwa mmoja wa maelfu. Si kweli, na linaniudhi kwa sababu lilitungwa ili lipendeze. Elkana aliokoka katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Nyambura, siku ya Alhamisi, jioni, kabla taa hazijawashwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na mimi nilikuwa wa kumi na moja. Kosa la pili: kwamba tangu siku ile rushwa ilikoma ofisini petu. Haikukoma. Ilikoma katika droo moja, na hata droo hiyo ilichukua muda. Kosa la tatu nitalifikia, kwa maana ndilo linaloninyima usingizi.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mtaa sitautaja, kwa kuwa wengi wa watu wake wangali hai. Yatosha kusema ulikuwa kati ya Kaloleni na Makadara, nyumba za mawe za zamani zilizojengewa wafanyakazi wa reli na wa halmashauri, kila nne zikitumia bomba moja la nje. Ulikuwa mwaka wa unga ghali, na mwaka ambao watu walitaka kujua jina la ukoo wako kabla ya kukusalimu, kwa ajili ya mapigano ya kikabila yaliyokuwa yakitokea mashambani. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha la wavu. Kilinuka gundi, karatasi kuukuu, na mandazi ambayo Elkana aliyanunua kila asubuhi na kuyaweka juu ya kabati la kadi, jambo nililomkataza mara nyingi kwa sababu ya mafuta. Ukutani, juu ya kabati hilo hilo, ulibandikwa waraka uliowakataza watumishi kupokea chochote kutoka kwa wapangaji. Nilikuwa nimeubandika mimi, na nilihakikisha umenyooka.

Kabati hilo ndilo lililokuwa mtaa wenyewe. Kila nyumba ilikuwa na kadi moja ya kijani, na kadi ilikuwa na jina moja. Mpangaji alipofariki, mjane alileta cheti cha kifo na barua ya chifu, kadi ikatolewa, jina likabadilishwa, nyumba ikabaki na watoto. Lakini kadi isipopatikana, kanuni ilisema nyumba ihesabiwe kuwa tupu. Basi kukawa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mjane alikuja na vyeti vyake, karani akafungua kabati, akapekua, akatikisa kichwa, akasema, “Kadi imetoka kutembea, mama. Rudi wiki ijayo.” Wiki ijayo ilifuatwa na nyingine, miezi mitatu ikatimia, mjane akapelekewa barua ya kuhama, na Bwana Msimamizi, mkuu wa ofisi yetu, akawa na nyumba ya kumpa amtakaye. Elkana alikuwa bingwa wa desturi hiyo. Alitoka magharibi, mtu mnene mwenye kicheko cha kuamsha jirani, na alikuwa akiwaambia wajane maneno hayo kwa upole kiasi kwamba wengine walimshukuru. Mimi alinifundisha katika mwezi wangu wa pili kazini, kama anayemwonyesha mgeni mahali choo kilipo.

Mume wa Mama Nyambura alifanya kazi katika karakana ya reli. Alifariki mwanzoni mwa mwaka ule akamwacha mkewe na watoto wanne, kifungua mimba akiwa Nyambura mwenyewe. Nami kwa wakati huo nilikuwa nikiishi Makadara, katika chumba kilichojengwa nyuma ya karakana ya seremala, ambamo vumbi la mbao liliingia hata ndani ya chumvi. Nilikuwa nimeposa. Nilikuwa katika orodha ya wanaongoja nyumba kwa miaka minne, na kila mwaka niliwaona walio nyuma yangu wakipita mbele. Siku moja Bwana Msimamizi aliniita, akaifunga faili aliyokuwa akiisoma, akaniambia kwamba nyumba ya yule mtu wa reli huenda ikawa tupu, na kwamba yeye huwakumbuka vijana wenye utaratibu. Hakusema zaidi. Jioni ile nilifungua kabati, nikaitoa kadi, nikaitia kati ya kurasa za gazeti, nikaenda nayo Makadara. Niliiweka chini ya karatasi niliyotandika katika sanduku langu la nguo. Hapo ndipo ilipolala kwa miezi minne, na kila jioni nilifunua nguo kutazama kama bado ipo, kana kwamba ingeweza kuondoka kweli.

Miezi mitatu ilipotimia, mimi na Elkana tulipewa barua ya kuhama tumpelekee mjane. Kanuni ilitaka makarani wawili, mmoja wa kukabidhi na mmoja wa kushuhudia. Tulifika saa kumi na moja na nusu, tukaupata mlango wazi na watu wakiimba. Ulikuwa ushirika wa ndugu, wale waliookoka ambao hukutana katika nyumba kuungama mbele ya wenzao na kuombeana. Mama Nyambura hakutuuliza tumekuja kwa lipi. Aliwasogeza watoto, akaniketisha kwenye kiti kilichokuwa mlangoni, akamweka Elkana katikati ya benchi, na kabla hatujatoa neno kila mmoja wetu alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi na kipande cha nduma ya kuchemsha juu ya kisahani. Huwezi kukabidhi barua ya kuhama ukiwa na nduma mkononi. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, kimefumwa kwa mkono, na ukutani ilining'inia kofia ya kazi ya marehemu. Karibu nami walikuwa mama wawili wakinong'onezana habari za mtoto aliyekataa shule, mmoja akisema kwa Kikuyu, mwenzake akimjibu kwa Kiluhya, na wakaelewana. Nililiona hilo na nikajiambia kwamba halinihusu.

Akasimama fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kutoka Industrial Area, Odongo, mwembamba, mwenye alama za moto mikononi. Alisema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akitoka na vifaa vya kampuni katika kopo lake la chakula, spana moja leo, nyingine kesho, na askari wa lango hakuwahi kumshika. Alipookoka alivitia vyote katika gunia akavirudisha, na hapo ndipo askari alipomkamata, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuingiza vyuma kiwandani bila hati. Walimweka langoni tangu asubuhi hadi adhuhuri. “Sasa ndugu zangu,” akasema, “kutoa nilikuwa najua njia. Kurudisha ndiyo ilinisumbua.”

Watu walicheka, na Elkana alicheka kuliko wote, kicheko chake kile cha kuamsha jirani. Kisha kikakatika. Nilimtazama nikidhani amepaliwa. Aliweka kisahani chini, akatia mkono ndani ya koti, akaitoa ile barua akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

“Mama,” akasema, “hii ni barua ya kukutoa kwa nyumba. Nimekula nduma yako nikiwa nayo mfukoni. Na kadi ya mzee wako haikupotea. Kadi za ofisi yetu hazipotei.”

Niliyabana magoti yangu na kukitazama kikombe. Mama Nyambura aliisoma barua yote, hata mhuri, akaikunja.

“Umemaliza chai?” akamuuliza.

“Bado, mama.”

“Maliza.”

Akaimaliza, huku machozi yakimdondokea kisahanini, kisha akapiga magoti pale pale kati ya benchi na meza, nao wakamwekea mikono. Hayo ndiyo maelfu na huo ndio uwanja. Mimi nilitoka nje na kusimama karibu na bomba, nimekasirika. Sitaficha nilichokifikiria: nilijiuliza kama barua iliyowekwa mezani huhesabiwa kuwa imekabidhiwa. Nikaamua kwamba ndivyo, nikaandika hivyo katika nakala.

Wiki iliyofuata Elkana alianza kile ambacho ndugu huita kutengeneza, yaani kumrudia kila uliyemkosea na kurudisha ulichotwaa. Aliingia ofisini na saa ya ukutani begani. Ilikuwa imetoweka mwaka mmoja kabla, nami ndiye niliyeandika ripoti ya kutoweka kwake. Akaleta kiti. Akaleta ngazi, akiwa ameibeba kichwani kupitia Jogoo Road mchana kweupe. Nilimwambia kwamba hakuna fomu. Kulikuwa na fomu ya kitu kilichonunuliwa, ya kilichovunjika, ya kilichopotea na ya kilichoibwa. Ya kitu kilichorudishwa na mwizi mwenyewe haikuwapo. “Basi tengeneza,” akaniambia. Nami, kwa hasira na kwa kushindwa kuviacha vitu hivyo bila maandishi, nilichukua daftari jipya, nikalipigia mistari, nikaandika juu: Vitu Vilivyorudishwa.

Sikujua nilichokianzisha. Habari zilienea mtaani kwamba ofisini kuna karani anayepokea bila kuuliza, na watu wakaanza kuja. Walileta mabomba, vioo vya madirisha, sepetu, mfuniko wa shimo la maji taka. Baba mmoja wa makamo alileta mlango wa choo cha jumuiya ambao kwa miaka sita ulikuwa meza yake ya kulia, na mkewe akaja nyuma yake akilalamika kwamba sasa watalia chakula wapi. Odongo alikuja na spana ya halmashauri aliyoikuta chini ya kitanda baada ya kudhani amemaliza. Nilimwambia aniachie jina na sababu. “Sababu ni nini tena, karani?” akaniuliza. “Niliiba. Si uandike tu hivyo?” Nikaandika hivyo. Na kila jioni, baada ya kuyaandika majina ya watu hao kwa hati yangu nzuri, nilirudi Makadara nikafunua nguo na kuitazama kadi.

Nilibishana na Elkana, kwa kuwa sikuweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba nchi hujengwa kwa sheria na usimamizi, si kwa machozi ya Alhamisi, na kwamba mtaa ulihitaji waraka mkali zaidi. Alisimama, akaunyoshea kidole ule wa ukutani. “Huu una miaka mingapi hapo? Tumeiba chini yake, mdogo wangu. Tumekula mandazi chini yake. Sheria ilikuwa nzuri. Sisi ndio tulikuwa hatupo.” Nikamwuliza kwa dhihaka kama sasa atanitangaza na mimi katika ushirika wake. Alikuwa akipanga kadi, kwa kuwa siku hizo alizipanga kila asubuhi na kuzihesabu mbele ya wapangaji. “Nilikufundisha,” akasema. “Hiyo ni dhambi yangu, nitaitaja. Kadi iko kwako. Hiyo si yangu, siwezi kuitaja.” Ndivyo walivyokuwa ndugu wale: mtu aliungama yake, na ya mwenzake aliyafungia mdomo hata yakimchoma. Niliupokea utaratibu huo kwa furaha niliyoionea aibu baadaye.

Siku yake ilifika mwezi wa nane. Elkana aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka kwa Bwana Msimamizi na nakala makao makuu, akizitaja nyumba sita ambazo kadi zake alizificha yeye, na wajane waliohamishwa. Mwishoni aliongeza kwamba nyumba ya saba, ya Mama Nyambura, iko mbioni kuchukuliwa kwa njia hiyo hiyo. Tuliitwa katika chumba cha ndani: Bwana Msimamizi, afisa mmoja kutoka makao makuu, Elkana, na mimi nikiwa mwandishi wa kumbukumbu. Saa ya ukutani, ile aliyoirudisha mwenyewe, ilikuwa juu ya kichwa chake. Alijibu kila swali kuhusu zile sita, jina baada ya jina, pasipo kujitetea. Kisha Bwana Msimamizi, ambaye alijua vizuri kadi ilikuwa wapi, akaegemea mbele.

“Na ya saba aliitoa nani?”

Elkana hakujibu. Hakunitazama. Ningeweza kusema nilimwona akinitazama, lakini nimeahidi kuweka mambo sawa: hakunitazama. Swali likarudiwa, na bado akanyamaza, mikono juu ya magoti. Nami nikaandika: “Alipoulizwa ni nani aliyeitoa kadi ya nyumba ya saba, Bw. Elkana hakujibu wala hakukana.” Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeandika maelfu ya sentensi katika utumishi wangu na hiyo ndiyo iliyo mbaya kuliko zote. Juu yake walijenga uamuzi wao: kwamba kadi saba zilitolewa na mtu mmoja. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Alitoka akiwa na mfuko wa mandazi, akaniachia mawili juu ya meza.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya mfagiaji, nikairudisha kadi mahali pake. Sitajipamba: nusu ilikuwa toba, nusu ilikuwa hofu ya yule afisa wa makao makuu. Mama Nyambura alipoitwa, nililifungua kabati, nikaipata kadi mara moja, nikaliandika jina lake kwa wino mweusi. Alitazama mkono wangu nilipokuwa nikiandika. Aliniambia Mungu anibariki, nami nikamwambia aweke sahihi hapa na hapa. Bwana Msimamizi hakuthubutu kupinga. Kati ya zile familia sita, nne zilirudishiwa nyumba. Mbili zilikwisha kwenda mashambani na hazikupatikana, na sitaki mtu aandike popote kwamba zilipatikana. Mimi nilioa nikiwa bado katika chumba cha vumbi la mbao.

Tangu hapo hakuna kadi iliyotoka kutembea katika droo yangu. Nilipofika kuwa msimamizi niliwafanya makarani wapya wazihesabu kadi mbele ya wapangaji kila asubuhi, kama alivyofanya Elkana, na wengi walidhani ni utaratibu nilioubuni mimi. Sikuwasahihisha. Katika ofisi nyingine mambo yaliendelea kama kawaida. Waraka mpya ulikuja kila mwaka ukabandikwa juu ya wa zamani. Nilikwisha kuujua udhaifu wake. Nilichokiona kwa macho ni kwamba mtu mmoja alishindwa kuinuka kutoka kwenye benchi akiwa na barua mfukoni, na kwa sababu hiyo mlango wa choo ukarudi mahali pake na mjane akalala kwake. Elkana alijifunza kutengeneza majiko, akaweka kibanda karibu na Kaloleni. Nilimpitia mara nyingi. Kila mara aliinua uso uliojaa masizi akaniuliza jambo moja tu: “Mdogo wangu, unalala?” Nikamjibu nalala.

Sasa kosa la tatu. Ukurasa wa tatu, aya ya pili, Timotheo ameandika: “Baba hakuficha kwamba kabla ya kuokoka alizificha kadi saba.” Kadi sita. Katika mazishi mshereheshaji aliomba rafiki wa kazini aseme neno. Nilisimama, nikasema marehemu alifika kazini kwa wakati, nikaketi.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Mama Nyambura. Nyumba ni ile ile, kitambaa ni kingine, kofia ya reli ingali ukutani. Alikuwa akichambua maharagwe katika sinia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama anayesoma ripoti, tangu faili ya Bwana Msimamizi hadi sanduku la nguo. Alisikiliza bila kuacha maharagwe. Nilipomaliza alitupa jiwe moja dogo nje ya mlango.

“Kadi ulinirudishia,” akasema. “Mimi sikudai. Lakini jina la Elkana bado uko nalo.”

Nikamwambia nitamwandikia Timotheo barua rasmi.

“Barua?” Akanitazama kwa mara ya kwanza. “Timotheo anakuja hapa saa kumi na moja na ndugu wengine. Keti pale mlangoni. Hicho kiti unakijua.”

Nikaketi. Walianza kuingia mmoja mmoja, wengine wazee kama mimi, wengine vijana niliosikia wakisalimiana “niaje” mlangoni na “Bwana asifiwe” ndani. Timotheo aliingia mwisho, mnene kama baba yake, akanishika mkono kwa mikono miwili na kunishukuru kwa maneno niliyosema mazishini. Nyambura, ambaye sasa ana mvi, aliingia na birika. Alipofika kwangu nilikiondoa kikombe changu, nikasimama kabla hajamimina.

“Kadi ya nyumba hii,” nikasema, “niliitoa mimi.”